Meno Kwenye Mkate wa Yodgor

Bado yuko palepale mlipomwacha, wasomaji wangu: juu ya kigoda katika chumba cha wageni, kitambaa cheupe kimemlalia begani, mkate uko mkononi. Wiki nzima mmemning'iniza mwanamke wa watu namna hiyo. Hamna huruma.

Mkate ule ulikuwa umeumwa mara mbili.

Kuumwa mara moja si neno. Mkate wa msafiri ndivyo unavyotakiwa uwe. Anayeaga huuma kipande, uliobaki ukafungwa kitambaa na kutundikwa ukutani, ukamngoja mpaka arudi aumalize mwenyewe. Yodgor, mtoto wa nyumba hii kabla Muhayyo na mumewe Elyor hawajainunua, aliuma wake miaka kumi na moja iliyopita akaenda Urusi kuwajengea watu maghorofa. Mpaka leo hakuna aliyemwona.

Sasa hilo jino la pili ni la nani?

Muhayyo aliugonga mkate kwa ukucha. Ukalia ko, ko. Mkavu, mgumu kama kipande cha tofali. Meno ya mtu aliye hai hayaingii kwenye kitu kile, na panya hatafuni duara safi hivyo. Tena katikati ya duara kulibaki kinundu chembamba, mahali ambapo jino mojawapo halikufika.

"Muhayyo! Umelala huko? Kaka anapiga honi, mtaa mzima umetoka kutazama!"

Elyor aliingia na birika mkononi, akasimama ghafla mlangoni. Aliuona mkate, akauona uso wa mkewe, na rangi ikamtoka.

"Shuka hapo, utaanguka."

"Aka," alisema, kama mke wa heshima anavyomwita mumewe, "tazama. Kuna mtu kauma."

"Panya."

"Panya mwenye meno ya mbele kama ya mtu?"

"Basi panya mkubwa! Funga, rudisha, twende. Tumesema leo tunakwenda mtoni, na mtoni tunakwenda."

Hakuusogelea hata hatua moja. Muhayyo alidhani anaogopa kama anavyoogopa yeye, na kwa dakika moja akampenda zaidi kwa ajili hiyo. Ngojeni tu.

Nyuma ya Elyor akatokea mama yake, Bi Hojar, mwanamke wa pumzi fupi na maneno marefu. Alikuwa amekuja kuuliza kama birika lilikuwa linatengenezwa kiwandani. Alipouona mkate, swali likamfia mdomoni.

"Audhubillahi. Nani kaushusha?"

"Mimi, mama. Nilikuwa natafuta kitambaa cha kulia chakula. Umeumwa mara ya pili."

Bi Hojar aliupokea kwa mikono miwili, akaupeleka dirishani, akaukodolea macho. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu kimyakimya. Kisha akaufunga kitambaani, akaubusu, akamrudishia Muhayyo autundike.

"Mwenye mkate karudi," alisema.

"Mama, acha hayo," Elyor akasema. "Yaani mtu atoke Urusi, apande ukuta, aume mkate, aende zake bila hata kuomba chai?"

"Aliye hai angeomba chai," Bi Hojar akamjibu. "Na akiwa hai ni mbaya zaidi. Mwenye mkate ndiye mwenye nyumba. Twendeni, sitaki kukaa humu."

Sasa mnielewe kwa nini mkate huu ulimtetemesha Muhayyo kuliko nyoka. Alipokuwa msichana, kwao kulikuwa na mkate kama huo ukutani. Ulikuwa wa baba yake. Mama yake aliuangalia kila asubuhi akifagia, mpaka ukaingia funza, mpaka ukawa vumbi ndani ya kitambaa, na baba hakurudi. Mama akazeeka akiwa anafagia chini ya ule msumari. Washenga wa Elyor walipokuja, Muhayyo hakuulizia kabati wala mazulia. Alitoa sharti moja tu, kwamba mume wake hatakwenda Urusi, na Elyor aliapa mbele ya mama mkwe wake huku ameshika mkate mkononi. Ndiyo maana siku waliyohamia nyumba hii alitaka kuuondoa ule mzigo wa Yodgor ukutani. Bi Hojar ndiye aliyemkataza. Mkate wa msafiri hautolewi, alisema, ukiutoa umemfungia njia.

Basi ukabaki. Na sasa ulikuwa na meno mapya.

Walifunga lango kwa kufuli, wakapanda kigari cha Tursun, kaka yake Elyor. Mke wa Tursun, Lobar, alikuwa amekalia matikiti mawili ili yasiviringike, na watoto wake watatu walikuwa wamemkalia yeye.

"Hatimaye bibi harusi katoka!" Lobar akapiga kelele. "Nilidhani mmeamua kuzaa kwanza ndipo mje."

"Nyamaza, Lobar," Bi Hojar akamwambia. "Kuna jambo kwenye ile nyumba."

Kumwambia Lobar anyamaze kuna jambo ni kumwaga mafuta kwenye moto. Kabla hawajalipita soko la hariri alikuwa ameshamchokonoa Bi Hojar akalitoa lote, kipande kwa kipande, na macho yamemtoka.

"Ni Yodgor mwenyewe," alisema kwa furaha ya kuogopa. "Amekufa huko kwenye theluji, na roho yake imekuja kumtafuta mama yake. Haimwoni. Masikini! Itakaa hapo mpaka imwone."

"Mama yake mwenyewe kafa," Tursun akasema kutoka kwenye usukani. "Si wangekutana hukohuko?"

"Wewe endesha."

Ni kweli mama yake alikuwa amekufa. Bi Sharofat, mjane, alimngoja mwanawe mpaka akaugua, na mpwa wake aitwaye Kobil akamchukua kwenda kumuuguza kijijini kwake. Baada ya muda Kobil akarudi peke yake na uso wa msiba. Shangazi kafariki, alisema, tumemzika huko siku ileile kama dini inavyotaka. Mtaani akaleta hitima na sufuria la pilau. Watu wakala, wakafuta midomo, wakaamini. Nyumba akaiuza kwa haraka na kwa upole, na Elyor akaona kapata bahati. Tangu wahamie, kila Alhamisi Muhayyo alichemsha mafuta akakaanga vipande vya unga, ili harufu imfikie marehemu na ajue kwamba nyumbani kwake hajasahauliwa. Hakuwa amewahi kumwona, lakini alimhurumia, kwa sababu alikuwa mwanamke wa kungoja kama mama yake.

"Labda amechoshwa na mafuta yako ya Alhamisi," Lobar akamnong'oneza. "Kamtuma mwanawe alete malalamiko."

Muhayyo hakucheka. Alikuwa anafikiria kesho asubuhi, Elyor akishaondoka kwenda kazini, yeye peke yake kwenye ile nyumba na kile chumba. Alijaribu kukumbuka kama wiki hii alisikia chochote. Jumanne alikuwa kwa mama yake kutwa. Alirudi akakuta zulia la chumba cha wageni limekunjika pembe moja, akalinyoosha, akasahau. Sasa akalikumbuka.

Mtoni watu walikuwa wamejaa. Kila mforosadi ulikuwa na familia yake chini na sufuria lake. Tursun na Elyor waliwasha moto, wakaanza kukaanga nyama na vitunguu, wakibishana kuhusu karoti kama wanaume wote wabishanavyo siku ambayo wao ndio wapishi. Watoto waliingia majini na nguo zao.

Bi Hojar alimvuta Muhayyo kando, nyuma ya shina.

"Niambie ukweli, mwanangu. Sitakupigia kelele."

"Ukweli gani, mama?"

"Una mimba?"

"Mama!"

"Mimi nilipokuwa na Tursun nilikula chokaa ya ukutani. Mama yangu alikuta ukuta una shimo. Mwenye mimba hajui anachotafuna. Kama ni wewe uliyeuma, sema sasa, twende kwa msomaji dua mapema. Ukiuma mkate wa msafiri umejifunga kwenye njia yake. Mtoto naye atafungwa."

"Sijauma, mama. Nakuapia. Na mimba sina."

Bi Hojar alimtazama tumboni, kisha usoni, akahema.

"Ningefurahi ingekuwa wewe," alisema. "Mimba ina dawa yake. Hili sijui dawa yake."

Hapo ndipo Muhayyo alipoogopa kwelikweli. Mwanamke huyu hakuwahi kumwambia kwamba kuna kitu asichokijua.

Walirudi mkekani. Tursun alikuwa ameshapasua tikiti la kwanza, anagawa vipande virefu vinavyodondosha maji. Elyor alichukua chake, akauma, akakirudisha kwenye sinia ili aende kugeuza nyama.

Muhayyo alinyoosha mkono kuchukua kipande chake. Mkono ukabaki hewani.

Pale kwenye sinia, kwenye nyama ya tikiti iliyo laini, kulikuwa na duara safi. Katikati ya duara kulikuwa na kinundu chembamba.

Elyor ana jino moja la mbele lililovunjika pembe. Alilivunja utotoni akipasua kokwa la aprikoti, na Lobar humtania kwalo kila sikukuu. Muhayyo ameliona jino hilo kila siku tangu aolewe. Amelipenda jino hilo. Leo alitamani asingelijua.

"Mbona umekodolea tikiti kama limekutukana?" Lobar akauliza.

"Naosha vikombe," Muhayyo akasema, akakusanya vikombe ambavyo hakuna aliyekuwa bado amevinywea. "Aka, njoo unisaidie kubeba birika."

"Nyama itaungua."

"Iungue."

Elyor alimfuata. Walikwenda mpaka nyuma ya mawe, mahali ambapo maji yanapiga kelele na masikio ya Lobar hayafiki. Muhayyo aliweka vikombe chini.

"Onyesha meno."

"Nini?"

"Onyesha meno, Elyor."

Tangu waoane hakuwahi kumwita jina tupu. Elyor hakuonyesha meno. Alikaa juu ya jiwe polepole, kama mtu aliyeambiwa matokeo ya daktari.

"Nilitaka kukwambia leo," alisema.

"Uniambie nini? Kwamba una njaa? Kwamba sikupikii?"

"Karakana imefungwa. Mwezi mzima sasa. Mwenye mitambo ya kufumia kauza kila kitu. Kila asubuhi nikitoka nyumbani nakwenda kukaa kwa kinyozi sokoni mpaka jioni. Nimesomewa magazeti yote ya mwaka huu."

"Na mkate?"

Muhayyo alilijua jibu kabla halijatoka, lakini alitaka alisikie.

"Kuna basi Jumanne," Elyor akasema. "Kuna watu wananipokea upande wa pili wa mpaka. Kazi ya saruji. Msimu mmoja tu, Muhayyo."

"Jumanne hii?"

"Jumanne hii."

"Uliniapia! Mbele ya mama yangu, mkate mkononi!"

"Niliapa nikiwa na kazi."

"Kiapo hakiajiriwi wala hakifukuzwi kazi!" Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Baba yangu pia alisema msimu mmoja. Unajua mama yangu bado analala upande mmoja wa godoro? Ulitaka niamke Jumatano nikute nini? Mto mtupu?"

"Ningekuachia ujumbe kwa mama."

"Kwa mama! Na kwa nini uume mkate wa yule mtu? Mkate wa mtu aliyepotea! Umeona huo ndio wenye baraka?"

Elyor aliinamisha kichwa. Masikio yalikuwa mekundu.

"Ningekwambia unioke mkate wa safari, ungejua. Ningemwambia mama, angelia mpaka ujue. Wa dukani nilikuwa nao mkononi, nikaona haufai, haukutoka kwetu. Na kuondoka bila kuuma mkate wa nyumbani sithubutu, Muhayyo. Mtu akiondoka hivyo harudi. Nikasema huu uko kwenye ukuta wetu, basi ni wa nyumba yetu."

Muhayyo alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilichochanganyika na kilio.

"Kumwacha mke unathubutu. Kuacha kuuma mkate huthubutu. Wanaume!"

Wasomaji wangu wanaume, msinune. Siye mimi niliyesema.

Lakini nitasema hili, na Muhayyo mwenyewe angekiri: pamoja na hasira yote ile, alihisi pumzi inarudi kifuani. Hakukuwa na mzimu. Hakukuwa na Yodgor. Kulikuwa na mume mwongo mwenye jino bovu, na huyo alijua pa kumshika. Jumanne ilikuwa bado siku mbili, na mama mkwe angekuwa upande wake. Aliokota kikombe akaanza kukiosha kwa nguvu.

"Nashangaa halijavunjika na la pili," alisema.

"La pili nini?"

"Jino. Mkate ule ni jiwe. Umeuumaje?"

"Jiwe gani? Ulikuwa laini."

Kikombe kilisimama ndani ya maji.

"Ulikuwa laini, Muhayyo. Jumatano hii nilipouuma. Ulikuwa bado unanukia tanuri, una ufuta juu. Nikajua umeubadilisha wewe, nikadhani ule wa zamani umeingia funza. Nilitaka hata kukuuliza, nikaona nitajifichua."

"Ulikuwa umeumwa tayari?"

"Mara moja. Padogo. Ndiyo nikauma upande wa pili."

Jua la Agosti la kwetu halina mchezo. Mkate mpya ukitundikwa ukutani, kutoka Jumatano hadi Jumapili umeshakuwa tofali. Muhayyo alihesabu kichwani, akafika palepale. Akahesabu tena.

"Elyor-aka," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Mimi sijaufungua ule mkate tangu tuhamie."

Walitazamana. Kisha wote wawili wakaacha vikombe mtoni wakarudi mbio.

Bi Hojar alikuwa anapepea moto. Wali ulikuwa umeshafunikwa, mvuke unatoka pembeni.

"Mama, wewe uliubadilisha mkate wa Yodgor?" Elyor akauliza.

"Mimi? Ufunguo wenu nimeupata wapi?"

"Kuna mtu kaubadilisha. Jumatano ulikuwa mpya."

"Wewe umejuaje ulikuwa mpya?"

"Kwa sababu ndiye aliyeuma," Muhayyo akasema. "Ana basi Jumanne. Atakueleza mwenyewe njiani, na umpige. Sasa niambie, mama, nani anaruhusiwa kubadilisha mkate wa msafiri?"

Bi Hojar aliangalia mwanawe, akaangalia mkwewe. Kofi lilikuwa njiani, lakini swali lilifika kwanza.

"Mama tu," alisema. "Mkate ukiharibika, mama huoka mwingine, akauma yeye kwa niaba ya mwanawe, akautundika. Mwingine yeyote hawezi. Si dada, si mke. Mama tu." Aliweka upepeo chini. "Na mama yake huyo yuko chini ya udongo."

Lobar alishusha kipande chake cha tikiti.

"Tursun," Bi Hojar akasema, "washa gari."

"Mama! Pilau liko motoni!" Lobar akalia. "Nani duniani anaacha pilau likiwa motoni?"

"Kaa nalo wewe na watoto. Tursun atarudi kuwachukua."

Njiani kofi lilitua, tena mara mbili, na Elyor hakujikinga. Muhayyo alikaa nyuma akiwa ameshika mlango wa kigari. Alikuwa na jambo moja tu kichwani. Alihamia nyumba ile ili mume wake awe na mahali pa kukaa asiondoke. Sasa mume alikuwa na mguu mmoja ndani ya basi, na kwenye nyumba kulikuwa na mtu anayeingia na kutoka apendavyo, anayekunja mazulia, anayefungua vitambaa. Ikiwa nyumba itapotea, atamzuia Elyor kwa nini? Kwa machozi? Mama yake alikuwa nayo mengi.

Tursun aliwashusha mwanzo wa uchochoro, mahali kigari hakipiti, akageuza kumfuata Lobar na pilau.

Harufu waliikuta kabla ya kufika langoni. Mkate mpya. Ulikuwa unatoka kwao. Juu ya ukuta wa uani moshi mwembamba ulipanda kutoka kwenye tanuri la Muhayyo, ambalo asubuhi aliliacha baridi, limefunikwa.

Kufuli, lile walilolikuta na nyumba, lilikuwa limening'inia wazi, na ndani yake ufunguo mkongwe, wa shaba, ambao hawakuwahi kuuona. Elyor alisukuma lango. Lilikuwa limekomewa kwa ndani.

"Tuite polisi," Bi Hojar akanong'ona.

"Tuwaambie nini? Mwizi anatuokea mikate?"

Elyor aligonga. Akagonga tena. Walisikia viatu vya kukokota vikija polepole juu ya matofali ya uani, vikasimama upande wa pili wa ubao.

"Nani?" Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya kikongwe.

"Mwenye nyumba," Elyor akasema.

Komeo likavutwa kwa pupa, kama mtu aliyekuwa analingojea neno hilo.

Alikuwa bibi mfupi, mwembamba, unga umemfika viwikoni. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, la pili lilikuwa linalia. Hakumtazama Muhayyo wala Bi Hojar. Alinyanyua mikono yenye unga akamshika Elyor mashavu.

"Umekonda," alisema. "Nilijua tu. Urusi hawajui kupika."

"Bibi, mimi si..."

"Jumanne nilitoroka kwa saa chache, nikautundika una alama yangu peke yake, nikarudi. Leo nimeingia, nakuta na ya pili. Nikasema sitoki tena humu mpaka nikuone. Nani mwingine angeuma mkate wako, Yodgor? Nani mwenye wazimu huo?"

Elyor alifunga mdomo kulificha jino. Muhayyo alimwona, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamwonea huruma.

Bi Hojar alisogea, mkono kifuani.

"Wewe ni nani, dada yangu?"

"Sharofat. Mwenye nyumba."

"Sharofat amekufa! Mimi nilikula hitima yake!"

"Nami nimesikia hivyo," bibi akasema. "Pilau lilikuwa zuri?"

Bi Hojar alishika ukuta. Muhayyo alikumbuka Alhamisi zake zote, mafuta yote, dua zote alizomsomea mwanamke aliye hai. Lakini bibi hakuwa na habari nao. Alikuwa bado amemshika Elyor, anamvuta shati.

"Apa," alimwambia. "Apa hutasafiri tena. Nimengoja vya kutosha. Sema mbele ya hawa wanawake, wawe mashahidi."

Elyor aligeuka akamtazama mkewe. Hicho ndicho kiapo ambacho Muhayyo alikuwa anakitaka tangu mtoni, chote, neno kwa neno. Sasa kilikuwa kinadaiwa na mwanamke mwingine, kwa jina la mtu mwingine, kwenye lango la nyumba ambayo pengine haikuwa yao tena. Alitaka kumwambia asimdanganye bibi wa watu. Alitaka kumwambia aape upesi.

"Siendi," Elyor akasema, macho yake yakiwa kwa Muhayyo. "Siendi, mama."

Bi Sharofat alimwachia shati, akajifuta jicho kwa mgongo wa mkono, akaacha unga kwenye nyusi. Kisha akautazama ule uchochoro nyuma yao, na uso wake ukabadilika.

"Basi ingieni wote, mkomee lango," alisema haraka. "Safari hii Kobil ameshajua nimetoka. Mara ya kwanza alizika jina langu tu, nikawa nasikia watu wakiitikia amina mpaka kwenye chumba alichonifungia kijijini kwake. Asubuhi hii ameniambia kwamba kaburi lile halitabaki tupu."

Elyor alimshika bibi mkono akampitisha ndani. Bi Hojar akafuata, hana pumzi wala maneno. Muhayyo alikuwa wa mwisho. Alirudisha lango, akashika komeo kwa mikono miwili, akalisukuma.

Halikufika mwisho. Upande wa pili wa ubao, taratibu na bila neno, kuna mtu alikuwa analisukuma lango kuja ndani, na alikuwa na nguvu kumshinda.